Aliyeitikia "Amin" Ghalani

Mwanangu Mwanaidi, jini wangu,

Usikunje uso. Hilo jina la jini umelipata kwangu, na mimi ndiye nitakayelivua, kabla basi la kesho alfajiri halijakupeleka Songea chuoni. Sasa hivi adhuhuri imepita, wewe uko Pangani kumuaga shangazi yako, mama yako yuko jikoni anakukaangia visheti vya safari, na mimi nimeketi na kalamu kama karani wa mahakama. Mwandiko usiucheke. Shule niliiacha kidato cha pili, au tuseme shule iliniacha mimi, lakini friji lililonishinda akili Tanga hii halijaletwa. Mtu anayeongea na gesi ya friji ikamsikiliza atashindwaje na barua?

Mambo ya sweta, ya chandarua, ya kutokula vya barabarani, mama yako ameshakumiminia mpaka masikio yamefurika. Sina nyongeza. Mimi nina Alhamisi iliyopita tu, na leo ni Jumatano, na mwili wangu bado haujarudi mahali pake.

Mama yako kaniambia ulimuuliza: "Mama, vitu vya Bibi baba atavipeleka wapi?" Naye akakujibu, "Muulize mwenyewe." Hukuniuliza. Siku sita tunapishana humu ndani kama wapangaji wasiojuana. Unanipa chai, naipokea. Unasema "Shikamoo baba," nasema "Marahaba," na kila mmoja anatazama sakafu. Basi jibu lako ni hili. Linaanzia mbali kidogo, vumilia, maana baba yako hawezi kusema kweli bila kuzunguka.

Unaikumbuka nyumba ya Bibi kule Chumbageni kuliko mimi, maana wewe ulilelewa mle na mimi nilikuwa wa kuingia na kutoka. Vyumba sita, ukumbi katikati, na Bibi yako Mwanaidi mkubwa, wajina wako, kila Alhamisi kabla ya magharibi anapita na chetezo chumba kwa chumba, ubani unafuka, wewe nyuma yake umeshika upindo wa kanga. Mimi nilikuwa nakohoa makusudi. "Mama, unatufukiza kama papa wa kukausha." Ananijibu, "Papa ana faida, wewe una kelele." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yetu ya kila wiki.

Alipofariki, baada ya arobaini tukakaa watoto watano. Nyumba moja haiwezi kulaliwa na familia tano, ikauzwa, kila mtu akapata fungu lake kwa sheria. Sikulaumu hilo. Langu likatosha nyumba hii ya Nguvumali, vyumba viwili na sebule ya kugeukia kwa adabu. Nikajisifu mtaa mzima. Nyumba ndogo, nikasema, unaifagia kwa pumzi moja. Nyumba ndogo haina pembe ya kufugia mende.

Vitu vya Bibi ndugu zangu hawakuvitaka. Kaka mkubwa akasema, "Aitwe dalali avichukue vyote kwa mpigo." Nikasimama pale kama shujaa: "Vitu vya mama haviuzwi. Mimi nitavitunza." Shangazi yako akalia, akanibusu mkono. Unadhani nilikuwa nimefikiri vitakaa wapi?

Ndipo nikalipata lile ghala la zamani la mkonge, njia ya bandarini. Mwenyewe kaligawa vyumba kwa mbao na bati, anawakodishia watu kama sisi, waliohamia nyumba ndogo na vitu vyao havijapata habari. Kila mtu na kufuli lake. Jirani yetu upande mmoja kaweka viti vya harusi, upande wa pili mama mmoja mjane kaweka kabati la mumewe na suruali zote ndani. Chumba chetu ni cha pembeni, kina mlango wa mbele wenye kufuli kubwa, na kimlango cha nyuma kinachotokea uani kwa Mama Tatu anayekaanga bagia. Nilipewa funguo mbili. Wa mbele nikauvaa kiunoni kama bwana shamba. Wa nyuma nikampa mama yako, "Utunze usipotee." Huo wa nyuma uuweke akilini, utarudi.

Siku ya kuhama ulikuwa na miaka kumi na sita. Tulipakia kile kigari cha kirikuu safari mbili. Safari ya pili ukapanda nyuma, ukakaa kwenye kiti cha Bibi, kile cha mninga chenye mikono mipana, na ukawa unalia bila sauti. Nikakuambia, mbele ya wapakiaji, "Shuka. Samani hazililiwi." Wale vijana wakacheka. Nami nikacheka, nikaona nimesema neno la kiume. Ukashuka. Hukulia tena mbele yangu, na mimi, mjinga, nikahesabu kuwa nimekuponya.

Leo nakwambia kilichokuwa kweli. Ungelia dakika moja zaidi, ningelia mimi, pale pale, na kamba ya mzigo mkononi.

Nikafunga kufuli, na miaka mitatu sikuingia mle. Nilikuwa napita na pikipiki, natazama kufuli lipo, nakwenda zangu. Watu wakiniuliza, najibu, "Vitu vya mama vyote vipo salama." Kweli vilikuwa salama, kwa sababu mimi sikuvigusa wala vyenyewe havikunigusa.

Sasa Alhamisi iliyopita. Alasiri nimetoka kusali, Mzee Kombo, mlinzi wa ghala, akanipigia simu.

"Fundi, njoo."

"Kumeibiwa?"

"Afadhali kungeibiwa. Chumba chako kinafuka ubani. Mtu anasema humo ndani. Na kufuli liko vilevile."

"Umeanza lini kulewa, Mzee Kombo?"

"Wiki ya tatu hii nanusa, nikadhani ni pua ya uzee. Leo nimesikia sauti. Njoo na mtu anayejua kusoma."

Mimi jini simwogopi, mji mzima unajua, nimeshalisema sana. Lakini nikampitia Mwalimu Bakari wa madrasa, kwa heshima tu. Njiani nikamwambia, "Mwalimu, wewe soma, kumshika niachie mimi." Akaniambia, "Fundi, kanyaga breki, hujaniambia kama ni mwanamume au mwanamke."

Tukafika. Mzee Kombo amesimama mbali, kavaa koti kwenye jua lile. Na kweli, Mwanaidi, ubani ulikuwa unatoka chini ya mlango. Harufu ileile. Si ubani wa dukani unaochomwa na mtu yeyote. Ulikuwa na ile pumzi ya udi kidogo na karafuu moja, alivyokuwa akichanganya Bibi yako peke yake.

Mwalimu akasoma. Alisoma vizuri, sauti haikutetemeka, wallahi nilimsifu moyoni. Akafika kwenye dua, akainua mikono, akamwomba Mola awahifadhi wenye nyumba hii na awarehemu waliotangulia.

Na ndani ya chumba, nyuma ya kufuli langu, sauti nyembamba ya kike ikaitikia: "Amin."

Mzee Kombo hatukumwona alivyoondoka. Mwalimu Bakari aliondoka nikimwona, na kiatu kimoja akakiacha. Mimi nikabaki. Kule barazani nimesimulia kuwa nilibaki kwa ushujaa. Nilibaki kwa sababu miguu ilikataa amri.

Na lililofuata hujalisikia kwa mtu, kwa kuwa sijalisema, lakini nadhani ulilisikia kwa masikio yako. Niliweka paji la uso kwenye ule mlango wa bati, nikasema, "Shikamoo mama."

Marahaba haikuja.

Nikasema, "Mama, nisamehe. Sikuja kukutazama."

Mtu mzima, baba wa watoto watatu, naongea na bati. Nikasikia kitu kinaburuzwa, nikasikia komeo la nyuma. Nilipopata mikono yangu nikafungua kufuli.

Sijui niandikeje nilichokiona. Nimefungua mafriji yenye nyoka ndani, nimefungua moja lililokuwa na keki ya harusi ya watu walioachana miaka, sijawahi kupigwa butwaa namna ile. Nilikuwa nimeviacha vitu vimerundikwa mpaka juu, miguu ya meza hewani. Nikaukuta ukumbi wa Chumbageni. Mkeka chini. Makochi mawili yanatazamana, na vile vitambaa vya kufuma migongoni, vimefuliwa. Picha ya babu ukutani kwenye msumari. Saa ya Bibi, ile iliyokufa zamani, imewekwa ilipokuwa ikikaa, upande wa kushoto. Kiti cha mninga dirishani, na dirisha halipo. Mtu amepachika pazia la Bibi kwenye mbao tupu, ili liwepo. Chetezo juu ya kigoda, moshi bado unapanda. Juu ya meza vitabu vya baiolojia, madaftari, taa ya kuchaji. Na mlangoni ndala za bluu, moja mkanda wake umefungwa kwa waya wa shaba wa friji.

Waya ule niliufunga mimi.

Nikakaa chini, si kwenye kiti, chini. Kwa sababu kuna mambo mengi yalinijia kwa pamoja. Miaka miwili yote nilikuwa najisifu kuwa mwanangu anajisomea kwa rafiki yake, nyumba ya vigae na feni. Kumbe rafiki ni bati la ghala la mkonge. Kile cheti cha kidato cha sita nilichokizungusha mtaani, nikisema akili hizo zimetoka kwangu, ulikipatia mle, kwenye joto la kuivisha mkate. Na mimi nikiamini nyumba hii inatosha, kwa kuwa mimi inanitosha. Wewe ulikuwa nyuma ya pazia chumba kimoja na wadogo zako wawili, mmoja anapiga mpira ukutani na mwingine anaimba.

Mwanaume mwenye adabu angekufuata, akakuita. Mimi nilipotoka nje nikakuta watu wamekusanyika, Mwalimu yuko ng'ambo ya barabara na mguu mmoja mtupu, na wote wananitazama. Mama Tatu na mwiko wake wa bagia, kama asiyekuona ukipita uani kwake, akauliza, "Fundi, nini humo?"

Nami nikasema, "Alikuwemo. Nimemtoa."

Ulimi wangu, Mwanaidi. Ulitoka wenyewe. Kusema "ni binti yangu, nyumbani hana mahali pa kukaa" kulinishinda. Kusema nimemfukuza jini kukanijia kama maji. Ilipofika isha, pale kwenye kahawa, jini alikuwa ameshaota kwato, na nilikuwa nimemshika pembe.

Nikarudi nyumbani. Ukaniandalia wali, miguuni umevaa viatu vya mama yako. "Baba, za kazini?" "Salama." Ukasema, "Nasikia kulikuwa na jini ghalani." Nikajibu, "Ametoka." Ukaniangalia kidogo tu, ukaenda kuosha vyombo. Hasira ningeiweza. Ule utulivu ndio uliosababisha nisilale.

Asubuhi nikamkabili mama yako. Nikamuuliza ule ufunguo wa nyuma uko wapi. Akawa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Kwa mwenyewe."

"Kwa nani?"

"Kwa mwanao. Tangu mwezi ule tuliohamia."

"Na hukuniambia?"

"Ulitaka akae wapi, Fundi? Sebuleni una mafriji saba ya watu."

Nilikuwa nimesema nyumba haina nafasi ya kiti cha mama yangu, na sebule yangu imejaa mafriji mabovu ambayo wenyewe wameshayasahau, nayatunza nikisema nitatoa vipuri. Yatima saba nimewapa sebule. Mama yangu nimempa ghala. Wewe nimekupa pazia.

Adhabu ya mwongo ikaja haraka. Jumamosi mwenye ghala akaniita, mtu mpole, anaongea kama anaomba radhi. "Fundi, wapangaji wangu wameogopa. Mwenye viti vya harusi anasema nani atakalia viti vilivyolala na jini. Naomba Jumamosi ijayo chumba kiwe kitupu." Ndiyo maana uliuliza swali lile. Chumba chako, ulichokitengeneza kwa miaka mitatu, nimekubomolea kwa majivuno ya dakika moja.

Jana asubuhi nikaamua. Nikaenda kwenye kahawa, watu wote wapo, nikasimama. Nikasema, "Sikilizeni. Hakukuwa na jini. Aliyekuwemo ni Mwanaidi wangu, anasoma humo, anachoma ubani wa bibi yake. Mimi nilidanganya."

Nilitarajia wanizomee. Nilikuwa nimejiandaa. Unajua walifanya nini? Hawakuamini. Muuza kahawa akatikisa kichwa kwa huruma: "Jini akishatolewa, Fundi, hupenda kusingizia watoto." Mwalimu Bakari akasema, "Mimi niliisikia ile sauti, ile ni sauti ya mtu wa miaka mia." Nikaapa. Wakanipa kahawa ya bure na kuniambia nipumzike. Mwenye ghala naye vilevile: "Pole, Fundi, lakini Jumamosi iwe Jumamosi."

Basi hilo ndilo ninaloweza kukufundisha, na ni fupi. Uongo wangu umekaa miguu minne, kweli yangu haina hata kigoda. Nilidhani ukweli ni kama friji, unauacha umezimwa, siku ukitaka unauchomeka unaendelea. Haukuwa hivyo.

Na jingine, kwa kuwa unakwenda kuwa muuguzi. Utawaona watu wamefiwa wodini, halafu wanagombania kandambili za marehemu, au kikombe cha plastiki, mpaka utawaona wamerukwa na akili. Usiwaambie ni kikombe tu. Waachie. Kuna baba mmoja alimwambia mtoto samani hazililiwi, akaishia kuliambia bati shikamoo.

Haya, jibu lako. Safari ya Pangani ilikuwa ya kukuaga kweli, lakini mimi ndiye niliyemwambia shangazi yako akushikilie mpaka jioni. Ulipoondoka tu, nikamwita mtu wa chuma chakavu. Mafriji yote saba yamekwenda. Mama yako alisimama mlangoni akapiga kigelegele, majirani wakadhani umeposwa. Kisha nikaleta kirikuu. Mzee Kombo alikataa kuvuka kizingiti, akanishikia mlango kwa fimbo.

Vyote havikuenea, sikudanganyi. Kitanda kikubwa kinakwenda kwa shangazi yako Ijumaa, na ameapa hatakilalia mwingine ila wewe ukija. Kochi moja nimempa yule mama mjane wa ghalani, alikuwa anakalia ndoo. Kabati limeingia chumbani kwetu, sasa mimi naingia kitandani kwa ubavu kama kaa. Lakini mkeka uko sebuleni. Kochi lililobaki liko sebuleni, na vitambaa vyake. Babu yuko ukutani. Saa iko kushoto. Nimeifungua, nimeitazama ndani, na kwa mara ya kwanza maishani kifaa kimenishinda, nimekifunga. Pazia la Bibi liko dirishani, na safari hii dirisha lipo.

Chetezo kitabaki hapa. Kesho ni Alhamisi na wewe utakuwa njiani. Nitakishika mimi. Mama yako kanifundisha leo namna ya kuchanganya, udi kidogo, karafuu moja; kasema wewe ndiye uliyemfundisha. Nitapita chumba kwa chumba. Havifiki vitatu, nitapita mara mbili.

Barua hii naiweka juu ya kiti cha mninga, pale dirishani sebuleni, kwa kuwa najua ukiingia jioni utakaa hapo kabla hujavua mtandio. Ile salamu niliyoitoa pale mlangoni, mwanangu, hakuna aliyeiitikia, na tangu siku ile imenikaa kifuani. Jina la Bibi unalo wewe. Toka siku uliyozaliwa nakuita mama, kama kila mtu wa huku anavyomwita binti aliyebeba jina la mamake. Ukimaliza kusoma, niitikie. Mimi niko uani nyuma, najifanya natengeneza friji. Friji lenyewe halipo, limeshakwenda kwa mtu wa chuma chakavu, lakini bisibisi ninayo mkononi.

Shikamoo mama.

Baba yako,
Fundi